Haki Rejeshi Mijini: Pale Halmashauri Yenyewe Inapotakiwa Kukaa Kwenye Duara

Sehemu kubwa ya kazi ya halmashauri ya mji ni kushughulikia watu waliokosana. Jirani analalamikia kelele za jirani, mpangaji amegoma kulipa kodi kwa sababu paa linavuja, vijana wamechafua kuta za shule, mchuuzi amenyang'anywa bidhaa na askari wa jiji, mtaa mzima umekasirika kwa kuwa dampo limehamishiwa kwao bila kuulizwa. Kwa yote hayo halmashauri ina zana chache zilizozoeleka: notisi, faini, kesi, na barua inayoeleza kwamba lalamiko limepokelewa na linafanyiwa kazi. Zana hizo zina faida zake, kwani ni rahisi kuzisimamia na zinamhusu kila mtu kwa namna ile ile. Kasoro yake ni kwamba zote zinauliza ni kifungu gani cha sheria ndogo kimevunjwa, na hakuna hata moja inayouliza ni nani ameumia, anahitaji nini ili mambo yake yakae sawa, na ni nani mwenye wajibu wa kumtimizia.

Maswali hayo matatu ndiyo kiini cha kinachoitwa haki rejeshi, na Mmarekani Howard Zehr ndiye aliyeyapa sura inayojulikana zaidi leo, katika maandishi yake ya kuanzia mwaka 1990. Kwa mtazamo huu, kosa ni jeraha walilopata watu na mahusiano yao kabla ya kuwa uvunjaji wa kanuni, na haki inatimia pale jeraha linaposhughulikiwa na wale linaowahusu. Makala hii inaeleza jinsi mtazamo huo unavyoweza kuingia katika maisha ya mji na katika utendaji wa serikali za mitaa, na inatetea hoja moja ambayo mipango mingi ya aina hii huikwepa: halmashauri inayowapangia wakazi wake vikao vya kupatana, huku yenyewe haikubali kamwe kuketi kama mkosaji, imeanzisha huduma nzuri ya usuluhishi na si zaidi ya hapo.

Mfano unaosimuliwa mara nyingi kuhusu mwanzo wa mfumo wa kisasa ulitokea katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario nchini Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili waliokuwa wamelewa waliharibu mali za watu 22 katika usiku mmoja. Ofisa aliyehusika na uangalizi wa wahalifu walio nje ya gereza alipendekeza kwa hakimu jambo lisilokuwa na msingi wa wazi katika sheria, yaani kwamba vijana hao wapelekwe kuonana uso kwa uso na waliowakosea. Hakimu alikubali. Walibisha hodi mlango kwa mlango, wakasikiliza, wakajua kila mtu alipata hasara gani, na baada ya miezi kadhaa wakarudi kuwalipa waathirika ile sehemu ya hasara ambayo bima haikuifidia. Miaka 3 baadaye, mwaka 1977, mwanazuoni wa Norwe Nils Christie alichapisha hoja iliyoipa harakati hiyo msingi wa kinadharia: kwamba mgogoro ni mali ya wenye mgogoro, na kwamba wanasheria na dola wamewapokonya mali hiyo, wakabaki watazamaji wa shauri lao wenyewe.

Ni kweli kwamba kukaa pamoja na kuzungumza hadi neno lipatikane ni jambo la kale kuliko mahakama katika jamii nyingi za dunia, na wanaharakati wa haki rejeshi hupenda kulikumbusha hilo. Hata hivyo, ukumbusho huo unahitaji tahadhari. Mabaraza mengi ya zamani yalikuwa na ngazi zake: wazee walisema, vijana na wanawake walisikiliza, na mara nyingi amani ya ukoo ilinunuliwa kwa kumnyamazisha aliyeumizwa. Anayetaka kuleta haki rejeshi mjini asidhani kwamba anafufua enzi njema iliyopotea. Anachukua wazo la kale na kulifunga kwa masharti mapya, na masharti hayo ndiyo yanayolifanya listahili jina la haki.

Masharti hayo yameandikwa. Mwaka 2002 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za msingi kuhusu matumizi ya haki rejeshi katika mashauri ya jinai. Kanuni hizo zinataka ushiriki uwe wa hiari kwa pande zote, na kila mmoja awe huru kujitoa wakati wowote. Mazungumzo yasiyofanyika hadharani yabaki siri, isipokuwa wahusika wakubaliane vinginevyo au sheria ya nchi ielekeze. Kitendo cha mshukiwa kushiriki kisichukuliwe kuwa ushahidi wa kukiri kosa katika kesi itakayofuata, na kushindwa kufikia makubaliano kusiwe sababu ya kumpa adhabu kali zaidi. Aidha, kabla ya kuketi, wahusika wakubaliane kuhusu mambo ya msingi yaliyotokea. Hili la mwisho lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana haki rejeshi haina uwezo wa kuamua nani mkweli. Mtu anayekana kabisa kwamba alifanya jambo anastahili mahakama yenye ushahidi na utetezi, na kumvuta kwenye duara la kikao ni kumdhulumu yeye au kumdhulumu aliyemkosea.

Mambo mawili mengine huchanganywa nayo. La kwanza ni usuluhishi, ambao huchukulia kwamba pande mbili zina hoja zinazolingana uzito na kinachotafutwa ni sehemu ya kukutana katikati. Haki rejeshi huanza kwa kukubali kwamba kuna mkosaji na mkosewa, na hakuna katikati kati ya mtu aliyevunjiwa dirisha na aliyelivunja. La pili ni msamaha. Mkosewa anaweza kuja, kusema yote yaliyomo moyoni, kupokea fidia, na kuondoka bila kusamehe, na kikao hicho kikahesabika kuwa kimefanikiwa. Mwezeshaji, yaani anayeongoza kikao, anayemsukuma mkosewa asamehe ili shughuli ipendeze anamwongezea jeraha la pili.

Kikao chenyewe na kazi isiyoonekana

Picha iliyozoeleka ni ya viti vilivyopangwa duara, na watu wakipokezana kuzungumza. Wawezeshaji wenye uzoefu watakwambia kwamba duara ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba kikao huharibika au kutengemaa kabla hakijaanza. Mwezeshaji humwona kila mhusika peke yake, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Kwa mkosaji anapima kama anakubali wajibu wake au anatafuta njia ya kukwepa kesi. Kwa mkosewa anapima anataka kujua nini, anaogopa nini, na ni nani angependa awe naye pembeni. Mara nyingi swali kubwa la mkosewa halihusu fedha hata kidogo, bali ni kwa nini mimi. Aliyeibiwa nyumbani anataka kujua kama alikuwa akiviziwa, na jibu la kwamba mwizi aliona tu dirisha liko wazi linaweza kumrudishia usingizi ambao hukumu yoyote isingemrudishia.

Kikaoni mkosaji husimulia alichofanya na alichokuwa akikifikiria, mkosewa hueleza kilichompata tangu siku ile, na waliokuja pamoja nao, ambao ni ndugu, majirani na wenzao, hueleza jinsi tukio lilivyowagusa. Ndipo huulizwa kifanyike nini. Makubaliano huandikwa kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa, yakitaja nani atafanya nini na kabla ya lini. Halafu inakuja sehemu inayosahaulika zaidi, nayo ni ufuatiliaji. Makubaliano yasiyofuatiliwa ni mabaya kuliko kutokuwa na kikao, kwa sababu mkosewa ambaye ahadi aliyopewa imevunjwa ameumizwa mara mbili, na safari ya pili mbele ya mashahidi.

New Zealand imeongeza katika utaratibu huu kipengele ambacho nadhani ni cha busara kuliko vyote. Sheria yake ya mwaka 1989 kuhusu watoto, vijana na familia zao, iliyotungwa baada ya malalamiko mazito ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwamba dola ilikuwa ikiwachukua watoto wao na kuwalea mbali na jamaa zao, ilianzisha mkutano wa familia. Baada ya maofisa kutoa taarifa walizonazo, wao na mkosewa wanatoka chumbani. Familia inabaki peke yake kujadiliana na kuandaa mpango wake, kisha maofisa na mkosewa wanarudi kuusikia na kuujadili. Kwa ofisa aliyezoea kuongoza kila kikao kuanzia ajenda hadi kufunga, kutoka chumbani ni jambo gumu. Lakini huo ndio ujumbe wenyewe: kwamba dola inaamini watu wana akili ya kutatua mambo yao, na kwamba imani hiyo inaonyeshwa kwa vitendo.

Halmashauri inabeba nini?

Nchi na miji imegawana majukumu kwa njia tofauti. Norwe ilianza kidogo, kwa jaribio la mwaka 1981 katika manispaa ya Lier lililowahusu vijana waliotenda makosa kwa mara ya kwanza, na mwaka 1991 ikapata sheria iliyotaka huduma ya baraza la migogoro ipatikane nchi nzima. Huduma hiyo ni bure, na wapatanishi ni raia wa kawaida wanaoishi katika maeneo hayo hayo, ambao hupewa mafunzo na kuteuliwa kwa kipindi maalumu. Si lazima pawe na jinai, kwani majirani wanaogombania mpaka wanaweza kuja wenyewe. Mwanzoni manispaa ndizo zilizoendesha mabaraza haya. Mwaka 2004 serikali kuu ikayachukua. Mabadiliko hayo yanaonyesha mvutano usiokwisha katika fani hii. Huduma iliyo karibu na watu inawajua watu, lakini ubora wake hutegemea bahati ya mahali. Huduma ya kitaifa ina viwango na bajeti ya kudumu, lakini inaanza kufanana na idara nyingine yoyote.

Jiji la Burlington, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, lilichukua njia ya kuwa na kituo cha haki ya jamii ndani ya muundo wa jiji lenyewe. Vermont ilikuwa tayari na mabaraza ya raia ya urejeshaji tangu katikati ya miaka ya 1990, ambamo wakazi wa kujitolea huketi na mtu aliyetenda kosa dogo na kukubaliana naye jinsi ya kulirekebisha. Burlington ikaongeza jambo ambalo mipango mingi hulisahau. Makosa mengi ya mjini hayapati mkosaji. Baiskeli inaibwa, kioo kinavunjwa, na hakuna anayekamatwa. Kama haki rejeshi inamsubiri mkosaji ajulikane ndipo ianze, basi wakosewa wengi watabaki nje ya mlango. Kwa hiyo jiji hilo lilianzisha utaratibu wa kuwahudumia walioumizwa hata kama mkosaji hajapatikana: kuwasikiliza, kuwatengenezea mlango au dirisha lililovunjwa, na kuwawezesha kuwaeleza viongozi wa jiji kilichowapata. Hapo jamii inajitwika wajibu uliokosa mtu wa kuubeba.

Huko Zwelethemba, kitongoji cha wafanyakazi karibu na mji wa Worcester nchini Afrika Kusini, jaribio lililoanza mwaka 1997 lilikwenda mbali zaidi katika suala la fedha. Wakazi waliounda kamati za amani hawakulipwa mshahara, ila kila mkutano uliofanyika kwa kufuata kanuni uliingiza kiasi fulani cha fedha, ambacho sehemu yake ilikwenda kwa walioshughulikia mgogoro na sehemu nyingine katika mfuko wa maendeleo wa kitongoji. Kamati zilihesabu kazi zao kuwa za aina mbili: kutuliza mgogoro uliopo, na kuondoa mambo yanayozaa migogoro ile ile kila mwezi. Kanuni zilikataza matumizi ya nguvu na zikataka sheria na katiba ya nchi viheshimiwe, sharti lililokuwa muhimu katika mahali ambapo watu waliokata tamaa na polisi wangeweza kwa urahisi kujichukulia sheria mkononi. Haja kama hiyo ndiyo iliyozaa miradi ya haki rejeshi ya Belfast mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo ilikuwa na lengo la kuziba nafasi ya makundi yenye silaha yaliyokuwa yakiwapiga na kuwafyatulia risasi vijana waliodaiwa kuwa wakorofi mitaani.

Katika miongo ya karibuni baadhi ya miji imejitangaza kuwa miji rejeshi. Hull na Leeds nchini Uingereza, Whanganui nchini New Zealand, Leuven nchini Ubelgiji, Como na Tempio Pausania nchini Italia zimetajwa katika orodha hiyo, na bunge la eneo la mji mkuu wa Australia, Canberra, lilipitisha azimio la mwelekeo huo mwaka 2016. Hull ilianzia shuleni, ikapanua hadi kwa polisi, walezi wa watoto na watumishi wengine wanaokutana na vijana, kwa wazo kwamba mtoto asikutane na lugha moja darasani na nyingine kituo cha polisi. Halmashauri ya Leeds ilijikita katika ustawi wa watoto, ikizipa familia zilizo katika matatizo nafasi ya kufanya mikutano yao na kupendekeza mipango yao kabla ya maofisa kuamua.

Kwa vitendo, mji rejeshi ni mji ambao mwalimu, askari, ofisa nyumba na mtunza maktaba wamefunzwa kuuliza nini kimetokea na nani ameguswa kabla ya kuuliza nani wa kulaumiwa. Ni jambo jema, ingawa ni jepesi kugeuzwa bango. Kumpa kila mtumishi mafunzo ya siku mbili na cheti hakubadilishi chochote ikiwa fomu anazojaza, malengo anayopimwa nayo na muda anaopewa kwa kila lalamiko vimebaki vile vile. Ofisa anayetakiwa kufunga majalada 30 kwa wiki hatafanya maandalizi ya kikao, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Ushahidi nao unataka kusomwa kwa utulivu. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2013, yaliyokusanya majaribio 10 yenye makundi ya kulinganishwa kutoka Australia, Uingereza na Marekani, yalikuta kwamba vikao vya ana kwa ana vilipunguza kurudia makosa kwa kiasi cha wastani na kwamba wakosewa walioshiriki waliridhika zaidi kuliko wale waliopitia utaratibu wa kawaida. Kilichowashangaza wengi ni kwamba matokeo yalielekea kuwa bora zaidi katika makosa ya kuumiza watu kuliko katika makosa ya mali, ilhali serikali nyingi hutenga haki rejeshi kwa ajili ya mambo madogo tu. Kwa upande mwingine, utafiti wa shule 44 za jiji la Pittsburgh, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kwamba siku za wanafunzi kusimamishwa masomo zilipungua na walimu waliona mazingira ya shule yakiboreka, lakini wanafunzi wenyewe hawakusema hivyo, na katika madarasa ya kati matokeo ya mitihani yalishuka. Haki rejeshi si dawa inayofanya kazi popote inapomwagwa. Hufanya kazi pale inapotekelezwa kwa ukamilifu, na ukamilifu unagharimu muda.

Halmashauri kama mkosaji

Yote niliyoeleza hadi hapa yanaihesabu serikali ya mtaa kuwa mwenyeji: inatoa chumba, inalipa wawezeshaji, inatunza takwimu. Lakini mtu akiorodhesha vitendo vilivyowaumiza wakazi wa mji kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi, atakuta vingi vimefanywa kwa muhuri wa mji wenyewe. Bomoabomoa, uhamishaji wa watu kwa ajili ya barabara, ugawaji wa maji unaovipita vitongoji fulani, ukatili wa askari, upangaji wa matumizi ya ardhi unaoweka viwanda na jalala palipo na maskini. Katika mambo haya halmashauri haina haki ya kujiita mpatanishi.

Mfano ulio kamili kuliko mingi ni wa Chicago. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha polisi chini ya kamanda Jon Burge kiliwatesa washukiwa, wengi wao wanaume Weusi, ili wakiri makosa. Mashauri yalichukua miongo, na Burge mwenyewe alifungwa kwa kusema uongo chini ya kiapo kwa kuwa muda wa kumshtaki kwa mateso ulikuwa umepita. Mwaka 2015, baada ya kampeni ndefu ya manusura na wanaharakati, baraza la jiji lilipitisha sheria ya fidia. Ilikuwa na mfuko wa dola milioni 5.5, ila fedha zilikuwa sehemu moja tu. Jiji liliomba radhi rasmi, likaahidi masomo bila ada katika vyuo vya jiji kwa manusura na familia zao, kituo cha ushauri nasaha kwa waliopitia mateso, somo kuhusu historia hiyo katika shule za umma, na mnara wa kumbukumbu. Orodha hiyo haikutoka kwa wanasheria wa jiji. Ilitokana na manusura kuulizwa wanahitaji nini, na majibu yao yalikwenda mbali na hundi: walitaka watoto wa mji wajifunze kilichotokea, ili mtu asije kusema kwamba hakikutokea. Hata hivyo ufuatiliaji uliyumba katika jambo moja, kwani miaka 8 baadaye mnara ulioahidiwa ulikuwa bado haujajengwa.

Halifax, nchini Kanada, inaonyesha upande mwingine. Africville ilikuwa jumuiya ya watu Weusi kandokando ya jiji hilo, iliyolipa kodi bila kupata maji ya bomba wala barabara za lami, huku jalala la jiji likiwekwa karibu yake. Katika miaka ya 1960 jiji liliwahamisha wakazi na kubomoa nyumba zao pamoja na kanisa lao. Mwaka 2010 meya aliomba radhi kwa niaba ya jiji, na makubaliano yakatoa dola milioni 3 za Kanada na ardhi kwa ajili ya kujenga nakala ya kanisa. Kwa baadhi ya waliokuwa wakazi hilo lilikuwa jambo kubwa. Wengine waliendelea kudai, kwa sababu hakuna familia iliyolipwa fidia yake binafsi kwa nyumba iliyobomolewa. Swali la tatu la haki rejeshi, la nani anawajibika kutimiza nini, lilijibiwa kwa jumuiya na halikujibiwa kwa mtu mmoja mmoja.

Viongozi wanaokabiliwa na historia za namna hii hukimbilia methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Haki rejeshi inapingana na kauli hiyo moja kwa moja. Yaliyopita ni ndwele hadi hapo yatakapotajwa kwa jina, na anayetaka kuyaganga yajayo bila kuyagusa yaliyopita atashangaa kwa nini wakazi hawahudhurii mikutano yake ya kupanga mji.

Kizuizi cha kwanza ni cha kisheria. Mwanasheria wa halmashauri humshauri meya asiombe radhi, kwa hofu kwamba radhi itatumika mahakamani kama kukiri dhima, na ushauri huo kwa mujibu wa kazi yake ni sahihi. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitatua hili mwaka 2006 kwa sheria fupi inayosema kwamba kuomba radhi si kukiri kosa wala dhima na hakuwezi kutumiwa kama ushahidi wa dhima hiyo. Majimbo mengine yakafuata. Mtu anaweza kuuliza kama radhi isiyo na gharama ina thamani yoyote. Nadhani ina thamani ikiwa ni mlango wa kuingilia kwenye mazungumzo ya urekebishaji, na haina ikiwa ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Kizuizi cha pili ni nani aongoze kikao. Ofisa wa halmashauri kuwezesha kikao ambacho halmashauri ndiyo mkosaji ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Mwezeshaji lazima atoke nje ya muundo huo, achaguliwe kwa ridhaa ya wakazi, na malipo yake yasitegemee kuridhika kwa mkurugenzi. Hapa pia usawa wa nguvu unataka kushughulikiwa kwa makusudi: upande mmoja una mawakili, wahandisi na majalada, na upande mwingine una kumbukumbu za watu. Kuwalipia wakazi mshauri wao wa kujitegemea, na kuwapa nyaraka mapema kwa lugha wanayoisoma, ni gharama ya kikao na isichukuliwe kama ukarimu. Tahadhari kama hiyo inahitajika hata katika migogoro midogo, na zaidi sana katika ukatili wa majumbani, ambamo mkosewa anaweza kukubali kila kitu kikaoni kwa sababu anarudi nyumba moja na mkosaji.

Upo pia mtego unaowanasa hata wenye nia njema. Huduma mpya ikishapata bajeti hutafuta wateja, na vijana ambao zamani wangeonywa na kuachwa waende zao sasa wanaitwa vikaoni, wanawekewa mikataba, na wakiivunja wanapelekwa mahakamani. Mfumo uliokusudiwa kupunguza mkono wa dola unaurefusha. Dalili ya kuangalia ni rahisi: idadi ya vikao ikipanda huku idadi ya faini na kesi haishuki, basi haki rejeshi imeongezwa juu ya adhabu na haijachukua nafasi yake.

Halmashauri inayotaka kuanza kwa dhati inaweza kuanzia kwenye dawati lake la malalamiko, kwa yale malalamiko yanayoihusu yenyewe: nyumba iliyofurika kwa sababu mfereji haukusafishwa, kibanda kilichovunjwa kimakosa, familia iliyokaa miezi bila maji kwa uzembe wa ofisi. Mkuu wa idara husika aje mwenyewe badala ya kutuma msaidizi, asikilize bila kukatiza, na aeleze uamuzi ulivyofikiwa. Lakini kabla ya kupanga viti, mwezeshaji makini atamuuliza mkurugenzi jambo moja kwa maandishi: huyo atakayekuja ana mamlaka ya kuahidi nini, na hadi kiasi gani cha fedha bila kurudi kuomba kibali? Kama jibu ni kwamba hana mamlaka yoyote, kikao kiahirishwe hadi atakapopewa.